Dawa ya Kichocho Shuleni: Maneno kwa Wakuu wa Vijiji, Walimu na Wazazi

Tumeombwa kusema habari za afya ya watoto shuleni. Jambo hili ni pana, na kama tungetaka kulimaliza lote, meno na macho na chanjo na upele, jua lingetuchwea hapa hapa. Kwa hiyo tumechagua moja tu, nalo ndilo lenye maneno mengi vijijini: vidonge wanavyopewa watoto shuleni kwa ajili ya kichocho na minyoo. Twajua wako wazazi wanaoviogopa. Hatukuja kuwacheka, kwa maana hofu hiyo ina asili yake, nayo tutaieleza bila kuificha.

Mwaka 2008, huko Morogoro mjini na vijiji vya karibu, watoto wa shule za msingi walipewa dawa hizo katika kazi ya taifa ya kupiga vita kichocho na minyoo. Baadhi yao waliona kizunguzungu, wengine wakatapika, wengine wakashikwa na tumbo. Mara ikavuma habari kwamba watoto wamekufa. Wazazi wakaenda mbio shuleni kutafuta watoto wao, na ghasia kubwa ikazuka. Habari ya vifo ilikuwa uvumi. Lakini hebu fikirini: mama yuko shambani, asubuhi amemwacha mtoto wake mzima, kisha anaambiwa kwamba mtoto amelazwa chini ya mwembe shuleni akitapika, kwa dawa ambayo yeye mama hakupata kuisikia. Angefanya nini? Waliochunguza mambo hayo baadaye waliona kwamba wazazi wengi hawakuwa wameelezwa vya kutosha kabla ya siku ile. Kosa hilo halikuwa la wazazi.

Basi leo twataka kueleza kwanza, na dawa ije nyuma.

Kichocho ni ugonjwa wa zamani sana katika nchi zetu. Mahali pengi watu waliona mvulana akikojoa damu wakasema, "Huyu sasa anakua," wala hawakushtuka. Damu ile si dalili ya kukua. Ni kazi ya mnyoo mdogo, urefu wake wapata sentimita moja, akaaye ndani ya mishipa ya damu karibu na kibofu. Mganga Mjerumani, Theodor Bilharz, ndiye aliyemwona kwanza mnyoo huyu, huko Cairo mwaka 1851. Dume na jike hukaa pamoja miaka mingi, na jike hutaga mayai kila siku. Mayai mengine hutoka na mkojo, na kwa kuwa yana mwiba huchana njia yake, ndipo damu itokapo. Mengine hayatoki, hubaki katika nyama ya mwili na kuidhuru polepole. Iko na aina nyingine ya kichocho, ile ya tumbo, ambayo imeenea sana kandokando ya Ziwa Viktoria. Mayai ya aina hiyo hutoka na choo kikubwa.

Mayai hayo yakiangukia kwenye maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi, huanguliwa, na kijidudu kitokacho humtafuta konokono wa majini na kuingia ndani yake. Hukaa humo majuma kadhaa na kuongezeka, kisha konokono hutoa vijidudu kwa maelfu, navyo huogelea vikitafuta ngozi ya mtu. Havihitaji kidonda; hupenya ngozi nzima kwa muda wa dakika chache. Tena vile vya kichocho cha mkojo hutoka zaidi saa za mchana, jua likiwa kali, ndiyo saa watoto wapendapo kuogelea. Mtu hapati kichocho kwa kukaa na mgonjwa, wala kwa kula naye sahani moja, wala kwa kurogwa. Hukipata majini: mtoni, bwawani, mferejini, katika majaruba ya mpunga. Na bahari haina kichocho, kwa sababu konokono wale hawaishi katika maji ya chumvi.

Madhara yake hayaonekani upesi, na ndiyo maana hudharauliwa. Mtoto hupungukiwa na damu, huchoka, hudumaa, na darasani husinzia. Mwalimu humwita mvivu. Ugonjwa ukikaa miaka mingi huharibu kibofu na figo, na wengine hupata saratani ya kibofu. Kwa wasichana iko habari ambayo wazee huona haya kuitaja mbele ya watu, nasi twaomba radhi, lakini hapana budi tuitaje: mayai ya kichocho huweza kukaa katika njia ya uzazi na kufanya vidonda, na huleta damu na maumivu. Msichana wa namna hiyo huenda akadhaniwa kuwa na ugonjwa wa zinaa, akatukanwa bure, kumbe alichofanya ni kuchota maji na kufua nguo za ndugu zake. Twaomba akina mama wasikie neno hili vizuri.

Sasa dawa. Zamani dawa ya kichocho ilikuwa sindano. Mwaka 1918 mganga mmoja, J. B. Christopherson, alitangaza kwamba huko Khartoum amewaponya wagonjwa kwa sindano za madini yaitwayo antimoni, zilizodungwa mishipani mara nyingi. Dawa ile ilikuwa kali mno. Huko Misri watu wengi sana walidungwa sindano hizo kwa miaka mingi, na kwa kuwa sindano hazikuchemshwa sawasawa, ugonjwa wa ini ulienea kwa njia hiyo hiyo. Twayasema haya kusudi mjue kwamba kazi ya uganga nayo imepata kukosea, na imejifunza. Dawa ya sasa, prazikwanteli, ilipatikana katika miaka ya 1970. Ni kidonge cha kumeza. Hutumika katika nchi nyingi za Afrika, na watu wasiohesabika wameimeza. Haiondoi uzazi, neno hilo limesemwa sana, na si kweli.

Kwa nini basi watoto hutapika? Dawa yenyewe ni chungu, nayo huchafua tumbo, hasa tumbo tupu. Tena minyoo ifapo kwa wingi mwili husumbuka, hivyo mtoto mwenye minyoo mingi ndiye aumwaye zaidi. Kizunguzungu, kichefuchefu na maumivu ya tumbo huja siku ile ile na kwa kawaida huisha siku ile ile. Mzazi aliyeambiwa haya jana yake atampa mtoto maji na kumlaza kivulini. Asiyeambiwa atapiga yowe, na kijiji kizima kitaitika.

Walimu, hapa twasema nanyi hasa. Mtoto asipewe dawa ya kichocho kabla hajala. Uji na upikwe kwanza, au wazazi waombwe kuwalisha watoto nyumbani, na asiyekula asimeze. Kiasi cha vidonge hupimwa kwa ufito wenye alama, kwa kuwa urefu wa mtoto waonyesha uzito wake kwa kadiri ya kutosha. Mtoto wa sentimita 94 hadi karibu 110 hupewa kidonge kimoja cha miligramu 600. Wa sentimita 160 na kuzidi kidogo hupewa vinne. Msikisie kwa macho. Mvueni viatu, asimame wima, someni alama. Mtoto mdogo asilazimishwe kumeza huku akilia, maana atapaliwa. Mwenye homa au ugonjwa mwingine siku hiyo angoje. Na mwenye kifafa, au aliyepata kuanguka kifafa, apelekwe kwanza kwa mganga wa zahanati. Neno hili ni kubwa zaidi katika wilaya zifugazo nguruwe, kwa sababu huko mnyoo tegu huweza kuweka malengelenge ubongoni, na dawa ikiyagusa mtoto aweza kupata madhara.

Dawa ya minyoo ya tumbo ni nyingine, albendazoli, kidonge kimoja cha miligramu 400. Hiyo haina taabu nyingi. Huua mchango, na hupunguza safura, ile inyonyayo damu na kuingilia nyayoni mwa waendao bila viatu penye uchafu.

Wapo waulizao kama kazi hii ina faida yoyote darasani. Huko Busia, nchi ya Kenya, tangu mwaka 1998 wataalamu walijaribu dawa hizi katika shule 75, wakaanza na shule nyingine mapema na nyingine baadaye, ili wapate kulinganisha. Walisema kwamba utoro ulipungua kwa robo. Hawakuona watoto wakipata alama bora za mitihani. Mwaka 2015 wataalamu wengine walifanya hesabu ile upya na kubishana nao juu ya sehemu zake, hasa ile ya faida kwa shule za jirani. Sisi twaona faida ya mtoto kuwa na damu ya kutosha mwilini haingoji mtihani.

Lakini tusidanganyane. Dawa huua minyoo iliyokomaa, haiui ile iliyoingia mwilini karibuni, wala haimkingi mtoto. Akirudi bwawani kesho atapata kichocho kingine, ndiyo sababu dawa hurudiwa. Kinachokata mzunguko ni mkojo na choo visifike majini. Kanuni ya vyoo vya shule Tanzania yataka tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Hesabuni vyoo vya shule yenu mkirudi, kisha mhesabu watoto. Mahali pengi hesabu hiyo itawafedhehesha wakuu wa kijiji na kamati ya shule, nasi hatuoni ubaya wa fedheha hiyo. Maji ya kuoga yaliyotekwa na kuwekwa siku mbili bila konokono ndani yake hayana hatari ya kichocho tena, kwa maana vijidudu vile hufa.

Mzee mmoja alitunong'oneza kabla hatujaanza, akauliza kuhusu wajukuu wake wachunga ng'ombe, ambao hawajaandikwa shuleni. Dawa ni yao pia, na pengine wao ndio waingiao majini kuliko wengine wote. Siku ikitangazwa, waleteni shuleni pamoja na wenzao, wakiwa wamekula, na mwalimu ayaandike majina yao katika daftari la dawa.