Makosa ya Mwanzo kwa Mtoto wa Mbwa
Hotuba ya afisa wa mifugo kwa wakazi wa Kitengela



Wengi wetu tukihamia ploti mpya hapa Kitengela, baada ya kuweka geti tunatafuta mbwa wa kulinda boma. Ni vyema. Lakini makosa huanza siku hiyo hiyo.

La kwanza ni kumtoa kwa mama yake mapema. Subiri afikishe wiki nane. Akicheza na ndugu zake ndipo anapojifunza kutouma.

La pili ni kusema, "Atachanjwa akikua." Chanjo ya parvo huanza wiki ya sita hadi ya nane. Ya kichaa cha mbwa ni miezi mitatu, kisha kila mwaka. Dalili za kichaa zikishaonekana kwa mtu, hakuna tiba. Ukiumwa, hata na mtoto wa mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.

La tatu ni kumtupia maini na mapafu mabichi tukichinja. Yakiwa na vifuko vya maji, mbwa hupata tegu, na mayai yake hutoka kwenye kinyesi hadi mikononi mwa watoto wetu. Yachome au uyafukie kwa kina. Mbwa naye apewe dawa ya minyoo.

La nne ni kumfunga mnyororo kutwa na kumwachilia usiku azurure. Huyo ndiye atakayeua mbuzi wa jirani.

Kenya imelenga kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Mlete mbwa wako kwa daktari wa mifugo, na kadi ya chanjo uihifadhi vizuri.