Uvimbe wa Shingoni Unaodunda Usichanjwe

(Maneno tuliyowaambia wanachama wa vikundi vya kujisaidia)



Leo hatusemi juu ya mbuzi wa maziwa wala mizinga. Tunasema juu ya shingo.

Weka vidole chini ya taya, kando ya koo. Unasikia mshipa ukidunda? Huo hupeleka damu kichwani. Hapo juu hugawanyika kama panda ya manati, na katikati ya panda mna kinofu kidogo kama punje ya mchele. Kazi yake ni kupima oksijeni katika damu na kuuarifu ubongo, ili tupumue kwa haraka au polepole. Mara chache sana kinofu hicho huota uvimbe.

Uvimbe huu hukua polepole, hata kwa miaka mingi, na kwa kawaida hauumi. Mara nyingi si saratani. Ukiusukuma huenda kando, lakini hauendi juu wala chini, kwa maana umeshikwa na mshipa. Pengine hudunda. Huonekana zaidi kwa wakaao milima mirefu sana, kama Andes kule Peru, na tena hufuata jamaa.

Basi, si kila uvimbe ni huo. Kuna tezi za TB, kuna goita, kuna jino bovu. Ndiyo maana lazima upimwe.

Sasa sikilizeni vizuri. Wako wanaoona uvimbe wakasema, "Ni usaha huo, leta wembe." Hapana! Huu umejaa damu, na ukichanjwa mtu aweza kufa. Hata daktari hakati kipande cha kupima akiushuku. Kwanza hupiga picha ya ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu, kisha CT au MRI.

Dawa yake hasa ni upasuaji. Daktari huubandua pole pole kutoka kwa mshipa. Mwaka wa 1971 Shamblin na wenzake waliugawa mafungu 3. La kwanza hubanduka kwa urahisi. La pili limeanza kuuzunguka mshipa. La tatu limeukumbatia kabisa, na pengine mshipa wenyewe hukatwa na kuungwa upya. Kadiri unavyokua, ndivyo hatari inavyozidi: kutokwa na damu nyingi, kiharusi, kupoteza sauti, ulimi kulegea. Lakini kwa mzee asiyesumbuliwa nao, daktari aweza kusema uangaliwe tu.

Kwa hivyo vikundi vifanye nini?

1. Mwenye uvimbe wa shingo uliozidi majuma 3 aende kituo cha afya, aombe barua ya kwenda hospitali kubwa.

2. Kikundi kimchangie nauli na pesa za picha, kama tunavyochangia matanga. Afadhali kumchangia akiwa hai!

3. Kila mwanachama ajiandikishe SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

4. Ndugu zake wa damu nao waangaliwe shingo.

Wembe tuwaachie vinyozi.