Bei ya Papai

(Mazungumzo ya asubuhi redioni, tuliyoyaandika hapa kwa ajili ya wasomaji wetu.)

Ninyi mlio jikoni mkichochea moto, ninyi mnaongoja feri pale Likoni, nanyi mnaotoka zamu ya usiku huko Changamwe, karibuni tukae pamoja dakika hizi chache kabla ya kazi za mchana.

Majira yamegeuka. Upepo wa kusi umetulia, na kaskazi bado haijashika. Ndizo siku ambazo mabaharia wetu wa zamani waliziita tanga mbili. Makanisa mengi yanafanya ibada za shukrani. Nyimbo za mavuno tulizoletewa na wamisionari zilitungwa Ulaya, ambako miezi hii majani hupukutika, ghala hujaa ngano, na watu hungojea baridi. Kwetu pwani mambo ni mbali. Mavuno yetu makubwa hutokana na mvua za masika, na vuli ni kupanda mara ya pili, tena bila uhakika. Vuli ya 2020, ya 2021 na ya 2022 zote zilikuwa haba, na ile ya 2023 ikashuka kwa mafuriko. Kwa hiyo twaimba juu ya ghala zilizojaa huku mama wa nyumba akipima unga kwa kopo na kuuliza kama utafika Jumamosi.

Tena mwaka wa shule unakwisha. Karo na sare za Januari zinatungoja, na Krismasi iko katikati kama mto ambao lazima kuuvuka. Ndiyo maana katika kila nyumba neno ni moja siku hizi: kubana matumizi. Ni neno jema. Bwana wetu aliwalisha watu elfu tano, kisha akawaagiza wanafunzi wake waokote vipande vilivyosalia, kisipotee kitu. Ikiwa yeye aliyeweza kuumega mkate bila kikomo hakutaka makombo yatupwe, sisi ni nani tumwage wali wa jana?

Lakini liko swali moja ambalo twapenda kuliweka mbele yenu asubuhi hii. Tunapobana matumizi, tunambana nani?

Katika kitabu cha Mithali, sura ya 20, mstari wa 14, yumo mtu ambaye sisi sote twamjua. Yuko sokoni. Mwandishi asema mnunuzi huyu akitaka kitu hukitukana kwamba hakifai, hakifai kabisa. Kisha akishakipata kwa bei aliyoitaka huenda zake akijisifu. Mstari ni mfupi, wala haukuongezwa maelezo, kwa sababu hauyahitaji. Mtu huyo hupita Kongowea kila asubuhi. Hushika nyanya, akaibonyeza, akasema imelala. Hulitazama papai, akasema halina utamu, na bado hajalikata. Mama aliyeketi chini ya mwavuli amekwisha kulipia gari, amelipia ushuru wa soko, na ameamka alfajiri. Anajua kuwa papai ni zuri. Lakini jua linapanda, papai haliwezi kungoja kesho, na mtoto yuko nyumbani na homa. Basi hulitoa kwa bei ya kununulia, au chini yake. Mnunuzi hufika nyumbani akasema, “Leo nimeokoa shilingi 30!”

Ameziokoa wapi? Hakuziokoa katika tamaa yake, wala katika anasa yake. Amezichukua mfukoni mwa yule mama.

Sasa lifuateni papai hilo mpaka Jumapili. Mnajua desturi yetu katika ibada za mavuno: wengine huleta fedha, wengine kuku, mihogo, nazi, mafungu ya mchicha, na baada ya ibada vitu hivyo hupigwa mnada chini ya mwembe. Katekista huliinua papai juu. Mmoja ataja shilingi 200, mwingine 300, kwa vicheko na makofi, na mwisho mzee mmoja wa kanisa alitwaa kwa shilingi 1,000, watu wakapiga vigelegele. Hatusemi vibaya juu ya mnada. Mapaa mengi ya makanisa yetu yameezekwa kwa minada hiyo, na furaha yake ni ya kweli. Twasema hivi tu: mtu awezaye kutoa shilingi 1,000 kwa papai mbele ya mkutano, hawezi kulilipia bei yake halali siku ya Jumamosi, mahali ambapo hakuna wa kumpigia makofi? Na huenda yule mama wa mwavuli alikuwa ameketi nyuma kanisani siku ile, akilitazama papai lake.

Watu wengine watajibu kwamba kupatana bei ni desturi ya pwani, na kwamba muuzaji naye hutaja bei ya juu akijua itashuka. Ni kweli. Kupatana ni sehemu ya salamu zetu. Wawili hucheka, huulizana habari za watoto, na bei hutua mahali ambapo kila mmoja amepata. Huko si kudhulumu. Dhuluma huanza pale ambapo mmoja anaweza kuondoka na mwingine hawezi. Kila mtu ajua moyoni mwake ni wakati gani amefika hapo. Husikika katika sauti ya muuzaji.

Liko jambo jingine ambalo halina sauti, nalo ni daftari. Katika mitaa yetu ya Kisauni, Likoni na Changamwe, kila duka dogo lina daftari lake, limefungwa kwa uzi, kalamu ndani yake. Daftari hilo limeokoa watoto wengi na njaa. Mshahara umechelewa, muuza duka huandika unga kibaba kimoja, mafuta ya kupima, sabuni nusu mche, na nyumba hula usiku ule. Hakuna duka kubwa la mjini litakalokufanyia hivyo. Lakini mwisho wa mwezi ukifika, wapo kati yetu ambao hubadili njia. Mshahara ukiingia katika simu, wao huvuka feri na kwenda kununua vitu vya jumla mjini kwa fedha taslimu, na yule aliyewalisha tarehe 20 huwaona wakipita na mifuko upande wa pili wa barabara. Wengine huona hilo kuwa ni werevu wa kubana matumizi.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme yuko mama anayepika mahamri na mbaazi mlangoni pake kila asubuhi. Unga, sukari, nazi, mafuta, mbaazi na makaa vyamgharimu shilingi 1,000. Akiuza vyote hupata 1,300. Faida yake ni 300, nayo ndiyo chakula cha jioni na akiba ya kodi ya chumba. Siku moja wateja wanne waja, kila mmoja ala vya shilingi 100 na kusema, “Mama, niandikie, nitakulipa kesho.” Jioni mkononi mwake mna shilingi 900. Faida yote imekwenda, na mtaji umepungua shilingi 100. Kesho yake hukanda unga kidogo zaidi. Wale wanne wasipolipa kwa siku tatu, karai hugeuzwa kifudifudi, na watu wa mtaa huulizana, “Mbona yule mama ameacha biashara?” Alinyang'anywa na watu wanne wenye adabu, kila mmoja kwa shilingi 100.

Kwa hiyo Mithali sura ya 3 yatuonya tusimwambie jirani aende zake arudi kesho, hali tunacho cha kumpa. Na Torati, katika Kumbukumbu sura ya 24, yaamuru ujira wa maskini ulipwe siku ile ile kabla jua halijatua, kwa sababu roho yake inautegemea. Mungu aliliweka jua liwe saa ya deni. Hapa Mombasa jua hutua karibu saa kumi na mbili na nusu. Basi twajua mwisho wetu ni saa ngapi.

Hakimu wetu si mgeni katika mambo haya. Watu wa Nazareti walimwita seremala. Fikirini maana yake: Bwana wetu alipata kuishi kwa kazi ya mikono ambayo lazima mtu mwingine ailipie. Alijua kungoja fedha ya kazi iliyokwisha.

Na historia ya kanisa letu huku bara ya Mombasa yatukumbusha jambo hilo hilo. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS walianzisha kijiji cha Frere Town huko Kisauni, kwa ajili ya watu waliookolewa katika utumwa. Kengele yao ndiyo iliyoacha jina la Kengeleni. Waumini wale walianza maisha mapya bila kitu, kwa jembe na kwa ufundi wa mikono. Walikuwa watu waliokuwa wametiwa bei kama bidhaa. Sisi tuliorithi imani yao hatuna budi kuogopa kumtazama mtu na kuona bei peke yake.

Basi kuishi kwa kiasi ni nini majira haya? Ni kula kile ambacho majira yameleta karibu. Kusi ikivuma, wavuvi wa mitumbwi hukaa pwani siku nyingi. Sasa bahari yatulia na samaki waanza kupatikana. Mnunulie mama karanga samaki wake wadogo aliowakaanga mwenyewe, badala ya kungoja nyama ya Jumapili kwa mkopo. Maembe yako njiani. Mchicha na mchunga huota kwa mvua ya kwanza. Kiasi pia ni kumpelekea fundi cherehani shati ageuze kola, ili lidumu mwaka mwingine, na kumpelekea fundi viatu kiatu cha mtoto kabla hakijafunguka kabisa. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imekatazwa katika nchi yetu. Na kikapu cha ukili kilichosukwa na mikono ya akina mama wa pwani hubeba mboga miaka kadhaa.

Twajua pia kwamba duka la karibu mara nyingine ni ghali. Anayenunua unga kwa kopo hulipa zaidi, ukihesabu kwa kilo, kuliko mwenye fedha za kununua gunia. Hatuwezi kumlaumu mjane mwenye watoto sita akitafuta pa nafuu. Naye aende kwa amani. Neno letu ni kwa sisi wenye mshahara, ambao tofauti ya shilingi kumi haituangushi, lakini yaweza kumsimamisha jirani. Huko Changamwe kiwanda cha mafuta kilianza kazi mwaka 1963, na mwaka 2013 kikaacha kusafisha mafuta. Kiwanda cho chote kikinyamaza, apikaye chai nje ya lango naye hunyamaza, wala hakuna ampaye barua ya kumaliza kazi. Watu kama hao hutegemea wateja wa mtaa wao tu.

Na ninyi wenye maduka, neno ni fupi: kipimo chenu kiwe kipimo. Kopo lililobonyezwa chini Bwana analiona.

Wengine hutuuliza kama Mkristo anunue kwa Mkristo mwenzake tu. Hapana. Jirani zetu wengi huku ni Waislamu. Mikono yao ndiyo imetukandia mahamri tangu utoto. Eliya, wakati wa ukame, alitumwa kwa mjane wa Sarepta, katika nchi ya Sidoni, mtu asiye wa taifa lake. Mama yule alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo tu, akiokota kuni mbili apike mara ya mwisho. Nabii na mwenye nyumba walikula kutoka pipa moja mpaka mvua iliporudi.

Kabla ya kuondoka nyumbani asubuhi hii, fungueni kumbukumbu zenu. Ni daftari la nani lenye jina lenu? Ikiwa fedha ipo, hata nusu yake, pitieni pale kwanza, kabla ya kituo cha matatu. Na kama haipo, pitieni vivyo hivyo, mkamwambie ukweli mkimtazama usoni, maana anayekwepwa huumia mara mbili.

Tuombe. Ee Bwana, uliyekula samaki wa kuokwa ufuoni na wavuvi waliochoka, uwaangalie leo walio katika mitumbwi, na walioketi juani na mafungu yao ya mboga, na yule ambaye karai lake limelala kifudifudi kwa ajili ya deni letu. Utupe fedha ya kumlipa, na ukitupa, utupe na miguu ya kumwendea kabla jua halijatua. Amina.