Toba ya Kanisa: Funzo Kutoka Shule za Wasami

(Hotuba iliyotolewa katika Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika)



Katika siku ya shukrani kama hii ni rahisi kuhesabu mema peke yake. Lakini Nehemia, kabla ya kuujenga ukuta, aliungama kwanza dhambi zake na za nyumba ya baba yake. Kwa hiyo naomba tutazame habari ya ndugu zetu Walutheri wa Uswidi.

Kaskazini mwa nchi hiyo wanaishi Wasami, wenyeji wa asili, ambao baadhi yao ni wafugaji wa kulungu wa kaskazini. Mwaka 1913 serikali ilianzisha shule maalumu kwa watoto wa wafugaji hao wanaohamahama. Pendekezo lake liliandaliwa na Olof Bergqvist, Askofu wa Luleå. Watoto walitengwa na wazazi wao kwa miezi mingi, wakasomeshwa kwa Kiswidi, tena kwa elimu pungufu kuliko ya watoto wengine. Wengi walikaa katika vibanda vya miti na udongo. Hoja ilikuwa kwamba mtoto wa Kisami akizoea nyumba nzuri atalegea na kuacha ufugaji. Waliosema hivyo hawakujiona wakatili. Waliamini kwamba wanawalinda Wasami.

Je, hawakuambiwa? Waliambiwa. Mwaka 1918 wawakilishi wa Wasami walikutana mjini Östersund, wakadai shule bora kwa watoto wao. Hata hivyo, vibanda viliendelea kutumika kwa miaka mingi baadaye. Sababu moja iko wazi: usimamizi wa shule hizo ulikuwa mikononi mwa Kanisa lenyewe, na Askofu aliyeubuni mpango alibaki madarakani hadi mwaka 1937. Wahenga walituonya tusipeleke kesi ya ngedere kwa nyani.

Mwaka 2016 Kanisa la Uswidi lilichapisha utafiti kuhusu uhusiano wake na Wasami, pamoja na shuhuda za waliosoma katika shule hizo. Ndipo tarehe 24 Novemba 2021, katika Kanisa Kuu la Uppsala, Askofu Mkuu Antje Jackelén akawaomba Wasami msamaha kwa niaba ya Kanisa. Mwaka 2022 msamaha huo ulirudiwa Luleå, kule kule mpango ulikoanzia. Tangu 1913 hadi 2021 ni miaka 108. Wengi waliostahili kuusikia walikuwa wamekwisha kulala.

Wapendwa, wale walioungama hawakuwa wale waliotenda. Lakini walitambua kwamba anayerithi majengo, heshima na jina jema la Kanisa hurithi pia deni lake. Hatuwezi kupokea urithi nusu.

Sisi nasi tunazo shule za bweni, vituo vya watoto na kamati za kuviongoza. Mtoto akilalamika, malalamiko yake yanafika kwa nani? Kama yanaishia mezani kwa yule anayelalamikiwa, basi tusijidai kwamba tumewapita wale wa Luleå. Tuweke mlango mwingine wa kusikilizwa, tuuweke mwaka huu, mtoto angali mtoto.

Mungu aubariki Usharika wetu, autakase, na kuupa masikio ya kusikia. Amina.