Tumheshimu Anayetunza Fedha ya Mtoto

Mazungumzo ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi na wajumbe wa kamati za sharika, walimu na wageni wafadhili, Mnero

  Nawasalimu ndugu zetu Waislamu na Wakatoliki mliokubali kukaa nasi leo. Hapa Mnero hospitali ya misheni inatibu watu wa dini zote, kwa hiyo si ajabu tukizungumza pamoja juu ya watoto wetu sote.

Nimeombwa niseme juu ya kuwatambua watumishi wanaosimamia vizuri miradi ya elimu inayogharamiwa na serikali. Nawazungumzia walimu wakuu, wakuu wa shule na Maafisa Elimu Kata.

Tukumbuke tulikotoka. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulianza mwaka 2002 baada ya ada kufutwa. Wanafunzi wa shule za msingi nchini walikuwa chini ya milioni 5 mwaka 2001, na kufikia 2005 walizidi milioni 7.5. Kwa mara ya kwanza kamati nyingi za shule zilipewa akaunti ya benki, zikasimamia ujenzi wa madarasa na kutakiwa kubandika mapato na matumizi mahali wazi. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ikapelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Mwaka 2017 ukaja mfumo wa FFARS wa kuweka hesabu za vituo vya huduma, shule zikiwemo.

Ndugu wajumbe, tuliweke jambo hili katika hesabu ya kijijini. Kiwango kilichopangwa kwa shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 zilikuwa za vitabu na 6,000 zilipelekwa shuleni. Shule yenye watoto 300 hupata kwa kiwango hicho shilingi 1,800,000 kwa mwaka, sawa na 150,000 kwa mwezi. Humo zitoke chaki, karatasi za mitihani, bawaba ya mlango na nauli ya kwenda wilayani. Anayeweza kuendesha shule kwa fedha hiyo, na mwisho wa mwezi akaonyesha kila shilingi ilikokwenda, ametenda kazi kubwa.

Mtu atasema, "Si wanalipwa?" Ni kweli. Tangu mwaka 2016 serikali ilianza kutoa posho ya madaraka kila mwezi, shilingi 200,000 kwa mwalimu mkuu na 250,000 kwa Afisa Elimu Kata. Mwaka 2018 Maafisa Elimu Kata wakapewa pikipiki kupitia programu ya LANES. Tunashukuru. Lakini posho hulipa cheo, na mwenye cheo huipokea, awe mwaminifu au asiwe. Kumtambua aliye mwaminifu ni kazi iliyobaki kwetu sisi tunaomwona kila siku.

Hapa naomba niungame kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika timu ya kuchagua mwalimu mkuu wa kupewa zawadi na mradi mmoja. Tulipita shule moja yenye madarasa yaliyopakwa rangi na ngoma ya kutupokea. Tukapiga picha, tukamchagua mwalimu wake. Miezi michache baadaye nikaiuliza kamati ya shule ile ni fedha kiasi gani zilikuwa zimeingia mwaka ule. Hakuna mjumbe aliyejua, na mwenyekiti alikuwa akisaini asichokisoma.

Siku ileile ya zawadi tulikuwa tumepita shule nyingine yenye sakafu ya udongo. Mlangoni palibandikwa karatasi ya manila iliyoandikwa kwa mkono: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mama mmoja aliyekuja kumchukua mtoto alikuwa akiisoma kwa kidole. Sisi tuliangalia sakafu, tukaondoka. Nilipokuja kuelewa, mwalimu yule alikuwa amehamishwa. Sikuwahi kumpa mkono.

Ndugu zangu, Nachingwea inajua habari ya fedha nyingi zisizo na matunda. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza mwaka 1947, ukavunjwa 1951, baada ya kumeza karibu pauni milioni 36 hapa, Kongwa na Urambo. Na ninyi wakulima wa Nachingwea na Ruangwa mmejifunza. Msimu wa korosho, hakuna anayekubali kuacha gunia lake ghalani bila stakabadhi. Mbona shuleni, alipo mtoto, tunaondoka bila kuuliza?

Kwa hiyo napendekeza kwamba kabla kamati ya usharika haijapendekeza jina la mtu, wajumbe wawili waende shuleni wakaangalie mambo matatu. Kwanza, ubao wa matangazo: je, hesabu ya mwezi huu ipo? Pili, daftari la mihtasari: je, kamati ya shule ilikaa na kujadili fedha, au ilisaini tu? Tatu, waingie darasani wahesabu ni watoto wangapi wanagawana kitabu kimoja.

Aliyeonekana mwaminifu, tusimpe bahasha. Fedha mkononi mwa msimamizi wa fedha huzaa maneno. Tumwandikie barua inayotaja alichofanya, isomwe mbele ya wazazi, na nakala iende kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ili ikae katika faili lake. Akihamishwa, barua itaenda naye.

Kwenu wafadhili, nawasihi mnapotutembelea msiombe picha ya jengo tu. Ombeni na kuonyeshwa daftari.

Na wazazi, heshima ya kwanza kwa mwalimu mkuu ni ninyi kuja kwenye mkutano anapoitisha kusoma mapato na matumizi. Mtu akisoma hesabu kwa viti vitupu mara tatu, mara ya nne atachoka kuziandika. Tusimchoshe mwaminifu.