MANENO YA MWENYEKITI WA TAWI KWENYE KIKAO CHA WANACHAMA



Watoto wetu wa sekondari wanaitaja mihimili mitatu ya dola bila kukosea. Waulize mapato na matumizi ya kijiji yasomwe mbele ya nani, wanakaa kimya. Ibara ya 8 ya Katiba inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Kwetu mamlaka hayo yako kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, na kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe.

Shule si jukwaa la chama. Sera tuziache nje ya geti. Watoto tuje nao mkutanoni, waone nani anauliza na nani anakwepa. Lakini tukinyamaza sisi, tutakuwa tumewafundisha kunyamaza.

Imetolewa na Katibu Mwenezi wa Tawi.