Tovuti ya Biashara Huchukua Muda Gani? Mfano wa Kampuni za Kupandisha Wageni Kilimanjaro



Swali ninaloulizwa hata kabla ya bei ni "Itakuwa tayari lini?" Huwa najibu: wiki sita hadi nane kwa tovuti ya kampuni ndogo iliyotengenezwa kwa mahitaji yake, na miezi mitatu au minne ikiwa wageni watalipia humo humo. Msilichukue jibu hilo kama ahadi, maana sehemu kubwa ya siku hizo haimo mikononi mwa fundi wa tovuti.

Tuchukue kampuni ya Moshi inayopandisha wageni mlimani. Kusajili jina la .co.tz na kukodi nafasi kwenye seva kunaweza kumalizika siku moja. Mwonekano wa kurasa ni wiki mbili iwapo mwamuzi ni mmoja. Wakiwa ndugu watatu wenye hisa, hesabuni mwezi.

Kinachokula muda hasa ni bei. Mwenye kampuni husema, "Wewe weka tu bei za safari." Mkikaa chini, inajitokeza kwamba njia ya Marangu huuzwa kwa siku tano au sita, Machame sita au saba, Lemosho saba au nane. Kundi likiongezeka, bei ya kila mtu inashuka. Kuna anayetaka kupanda na familia yake tu na anayekubali kuchanganywa na wengine. Kuna usiku wa ziada hotelini, begi la kulalia la kukodi, choo cha kubebeka. Yote hayo yamo kichwani mwa bosi, naye humjibu kila mgeni kwa WhatsApp. Kuyageuza yawe kanuni ambazo kompyuta itazifuata bila kumpunja mtu ni kazi ya wiki kadhaa, na fundi hawezi kuzibuni. Asiyehitaji hesabu hizo atumie kiolezo cha WordPress; atakuwa hewani ndani ya wiki moja, na nisiwafiche, kampuni nyingi changa hilo linazitosha.

Malipo nayo yana foleni yake. Benki au kampuni ya simu itataka hati za usajili kutoka BRELA, TIN na leseni, kisha majaribio, ndipo iruhusu fedha halisi zipite. Kuunganisha mfumo huweza kuchukua siku chache. Kusubiri kibali huchukua wiki. Pelekeni maombi siku mnayosaini mkataba wa tovuti. Na kwa kuwa fomu ya mpandaji huuliza namba ya pasipoti na hali ya afya, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu: sera ya faragha iandikwe na anayeijua, isinakiliwe kwa jirani.

Zimebaki picha na maelezo. Tovuti nyingi hukamilika kiufundi zikakaa, eti ukurasa wa "Kuhusu Sisi" bado unaandikwa.

Kwa hiyo napendekeza siku za mkataba zianze kuhesabiwa fundi anapokabidhiwa maelezo, picha na jedwali la bei, na kila rasimu ijibiwe ndani ya siku tatu za kazi. Msichelewe pia kuanza: wageni wengi wa msimu wa Juni hadi Oktoba huanza kupanga miezi mingi kabla. Anayewalenga hao aanze Septemba ya mwaka uliotangulia, jedwali la bei likiwa mkononi.